Mluzi ukinyamaza: mwongozo kwa nyumba ya kijijini yenye mgonjwa wa pumu

Kopo la rangi la lita nne lilikuwa limening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Ndani yake mlikuwa na pampu tisa za bluu, zote tupu. Mama wa marehemu alinionyesha kwa nia nyingine kabisa: alitaka nijue kwamba mwanawe hakukosa dawa. "Nesi, kila alipoishiwa nilimnunulia." Ni kweli alimnunulia. Pampu tisa tangu msimu wa korosho uliopita, zote za duka la dawa muhimu pale senta, nyingine kwa hela ya kuku, nyingine kwa kukopa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba zile tisa zenyewe ndizo zilikuwa habari mbaya.

Kijana alikuwa na miaka kumi na tisa. Alifia kwenye kibanda cha shambani, walikokuwa wakilala yeye na mdogo wake kulinda mahindi dhidi ya nguruwe pori. Mdogo wake aliniambia maneno ambayo nimeyasikia kwa namna tofauti kwenye misiba mitatu: "Kifua kilipiga mluzi mpaka usiku wa manane, halafu kikanyamaza. Tukajua amepata nafuu, amelala."

Nimefanya uuguzi kwenye zahanati za uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara, miaka ya kutosha kusema hili bila kusita: pumu kijijini haiui kwa usiku mmoja. Usiku ule unakuja kumalizia tu. Dawa isiyo sahihi, mgonjwa kulala mbali na watu, bodaboda asiyepatikana, baba wa kutoa ruhusa aliyesafiri, vyote vinakuwa vimekwisha kujipanga miezi kadhaa kabla. Na vyote vinaonekana mchana kweupe, ukijua pa kutazama. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo 455,000 vya pumu kwa mwaka 2019, vingi vikiwa katika nchi za kipato cha chini na cha chini-kati, mahali ambapo ugonjwa haujulikani mapema na dawa haifiki.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Tano za mwanzo ni za kufanya leo, mgonjwa akiwa mzima.

Hatua ya 1: Jua kama mgonjwa wako yuko kwenye hatari ya kufa

Kaa naye na daftari lake la hospitali. Muulize kama amewahi kuwekewa mashine ya kumpumulia au kulazwa chumba cha uangalizi maalumu kwa ajili ya pumu. Akisema ndiyo, usiendelee kutafuta sababu nyingine. Huyo ni wa kulindwa kuliko wote, hata kama hilo lilitokea miaka kumi iliyopita. Kisha muulize kama ndani ya miezi kumi na miwili amelazwa au amekimbizwa kwa sababu ya kubanwa. Anameza prednisolone, vidonge vya steroidi vya kutuliza uvimbe wa kifua, sasa, au ameiacha siku za karibuni? Anatumia pampu ya bluu peke yake? Ana mzio wa chakula, mathalani karanga, samaki au mayai? Ana majonzi mazito, msongo, ulevi? Wataalamu wa pumu duniani wanakubaliana juu ya orodha hii, na "ndiyo" moja tu inatosha kukufanya usome ukurasa huu mpaka chini.

Sisi wa vijijini tuna ya kwetu ya kuongeza. Mgonjwa anayelala peke yake. Anayelala shambani msimu wa kulinda. Kijana wa kiume anayeona aibu kuvuta pampu mbele ya wenzake. Mwanafunzi wa bweni ambaye pampu yake imefungiwa kabatini kwa matroni na ufunguo uko kwa matroni huyo huyo, aliyelala. Mtoto anayepelekwa jandoni, kumbini, kwenye vumbi na moshi na baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Mila sina ugomvi nayo, mimi mwenyewe nimeichezea ngoma. Lakini pampu iende na mtoto, na mzee mmoja anayelala naye kule afundishwe kuitumia.

Usidanganyike na neno "pumu yake ni ndogo". Mwaka 2014 Uingereza ilitoa taarifa ya uchunguzi wa vifo vya pumu. Kati ya marehemu 155 ambao ukali wa ugonjwa wao uliweza kukadiriwa, zaidi ya nusu walikuwa wakitibiwa kama watu wenye pumu nyepesi au ya wastani.

Bado hujafunga daftari. Lipekue kurasa za nyuma. Kama mtoto ameandikiwa "kifua" au "nimonia" mara nne, tano kwa mwaka, kila mara amoksilini, kila mara anapona kwa wiki mbili kisha anarudi, na kikohozi chake ni cha usiku au cha alfajiri, huenda hiyo ni pumu ambayo hakuna aliyeitaja jina. Mpeleke na umuulize tabibu waziwazi: "Je, hii si pumu?" Asiyejulikana kuwa ana pumu hapewi dawa ya pumu. Mtu mzima anayekohoa zaidi ya wiki mbili apimwe na kifua kikuu pia, maana yote mawili yanaweza kukaa kwenye kifua kimoja. Na kama mtoto mdogo aliyekuwa akicheza na karanga au korosho ameanza ghafla kupiga mluzi ambao hakuwa nao asubuhi, kimbia naye hospitali. Inawezekana punje imepita njia ya hewa.

Hatua ya 2: Hesabu pampu, kisha ulizia ile nyingine

Hapa ndipo kopo la rangi linapotufundisha.

Pampu ya bluu, salbutamol, inalegeza misuli iliyobana mirija ya hewa. Inafanya kazi ndani ya dakika chache na mgonjwa anaipenda kwa sababu anaiona ikimsaidia. Lakini ugonjwa wenyewe ni uvimbe ndani ya mirija: kuta zimevimba, ute umejaa. Salbutamol haigusi uvimbe huo. Ni sawa na mtu anayefungua dirisha kila moshi unapojaa jikoni huku akiuacha moto ukiwaka kitandani.

Uvimbe unatulizwa na dawa ya kuzuia, steroidi ya kuvuta, kwa mfano beclometasone au budesonide. Mara nyingi pampu yake ni ya rangi ya kahawia, ila viwanda hutofautiana, kwa hiyo soma jina na usiamini rangi. Hii huvutwa kila siku, asubuhi na jioni au kama ulivyoandikiwa, hata siku ambazo mgonjwa anacheza mpira bila tatizo. Haileti nafuu ya papo hapo, na hapo ndipo wengi wanapoiacha: "Nesi, ile ya kahawia haina nguvu." Nguvu inayo. Utafiti wa wagonjwa wa mkoa wa Saskatchewan, Kanada, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba kwa kila kopo moja zaidi la steroidi ya kuvuta lililotumika katika mwaka, kiwango cha vifo kilipungua kwa asilimia 21. Walioacha dawa hiyo walikuwa hatarini zaidi katika miezi mitatu ya kwanza baada ya kuiacha.

Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haupendekezi tena mtu mzima au kijana atibiwe kwa pampu ya bluu peke yake. Kuna pia pampu yenye dawa mbili pamoja, budesonide na formoterol, inayozuia na kulegeza kwa wakati mmoja. Kama hospitali ya wilaya yako inayo, muulize daktari kama inakufaa.

Sasa hesabu. Pampu ya salbutamol ya kawaida ina mivuto 200. Siku unapoifungua, andika tarehe kwenye boksi kwa kalamu. Ikiisha, andika tena. Ukimaliza tatu kwa mwaka, pumu yako haijadhibitiwa, nenda ukaonwe. Ukimaliza moja kila mwezi, hatari uliyo nayo ni ya kifo. Katika taarifa ile ya Uingereza, kati ya wagonjwa 165 ambao idadi ya pampu zao za aina hii ilijulikana, 65 walikuwa wameandikiwa zaidi ya 12 katika mwaka wa mwisho wa maisha yao.

Usiitikise kusikiliza kama imebaki, wala usiitumbukize kwenye ndoo ya maji kuona kama inaelea. Gesi inaweza kuwa imebaki ilhali dawa imekwisha.

Na ule uvumi. "Pampu ni hatua ya mwisho, ukianza kuitumia huchelewi kufa." Nimeusikia barazani, kisimani, hata kwa mwenye duka la dawa. Ulizaliwa hivi: watu waliikataa pampu mpaka wakawa mahututi, wakaianza siku wanakufa, jirani akahesabu kwamba pampu ndiyo iliyoua. Ukweli uko kinyume chake. Dawa ya kuvuta inakwenda moja kwa moja kifuani kwa kiasi kidogo mno, maikrogramu 100 kwa mvuto mmoja wa salbutamol, wakati kidonge chake kina miligramu 2 au 4, kinazunguka mwili mzima, kinachelewa, na kinatetemesha mikono. Wajawazito nao huacha pampu wakihofia mtoto. Mtoto tumboni anaumizwa zaidi na mama asiyepata hewa.

Baada ya dawa ya kuzuia, sukutua mdomo kwa maji na uyateme. Usipofanya hivyo utaota utando mweupe ulimini, na watu watasema mengine.

Hatua ya 3: Tengeneza chupa

Wengi wanaotumia pampu moja kwa moja mdomoni hukosea. Dawa inatoka kwa kasi, inagonga koo, wanameza. Mtu aliyebanwa hawezi hata kujaribu kulenga pumzi. Chombo cha katikati, ambacho hospitali hukiita spesa, kinaishikilia dawa hewani ili aivute taratibu. Dukani ni ghali na mara nyingi hakipo, lakini mwaka 1999 watafiti wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa vizuri, inafanya kazi sawa na kile cha kiwandani kwa watoto waliobanwa.

Chukua chupa ya maji ya nusu lita, safi. Pinda waya uwe na umbo na ukubwa wa mdomo wa pampu. Upashe moto, kisha uubonyeze kwenye kitako cha chupa mpaka plastiki iyeyuke na tundu litoke sawasawa na umbo lile. Lisiwe kubwa; pampu iingie kwa kubana. Pengo likibaki, lizibe kwa gundi au plasta. Kisha osha chupa kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo na uiache ikauke yenyewe bila kuifuta kwa kitambaa. Kuifuta kunaipa umeme tuli, na umeme huo hunasa dawa kwenye kuta za chupa. Watu hudhani nawatania ninaposema hivi.

Kuitumia: tikisa pampu, ichomeke kitakoni, mgonjwa abane midomo kwenye mdomo wa chupa, bonyeza mara moja, avute na kutoa pumzi kwa utulivu mara nne hadi sita. Tikisa tena, bonyeza tena. Mvuto mmoja mmoja, usijaze minne kwa pamoja. Fanyeni mazoezi mchana mkicheka, watoto wote wa nyumbani wajue.

Tengeneza mbili. Moja ikae nyumbani mahali pamoja pasipobadilika, nyingine iende shambani.

Hatua ya 4: Ondoa kinachochokoza kifua

Moshi wa kuni kwanza. Serikali ya Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Wewe unapika leo jioni. Kwa hiyo: mwenye pumu asiwe mpuliza moto, kuni ziwe kavu, jiko litoke ndani, angalau chini ya banda la nje, mtoto asilale kwenye chumba kinachopakana na jiko bila ukuta kufika juu. Jiko la mkaa la kuota moto wakati wa baridi ya mwezi wa saba lisiingie chumbani kwake kabisa. Udi na ubani vivyo hivyo, na dawa ya mbu ya kuchoma.

Kwetu kusini kuna salfa. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane hivi, alfajiri upepo ukiwa umetulia na umande uko kwenye majani, mashine zinaanza kunguruma na unga wa njano unapanda juu ya mikorosho kuua ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Bila salfa hakuna korosho, na bila korosho hakuna ada ya shule. Sitamwambia mtu aache. Lakini wingu lile halina mpaka wa shamba. Watafiti wa Berkeley waliofuatilia watoto wa vibarua wa mashamba katika bonde la Salinas, Kalifornia, waliripoti mwaka 2017 kwamba walioishi karibu na mashamba yaliyotoka kupulizwa salfa walikuwa na mapafu dhaifu zaidi na dalili nyingi zaidi za pumu. Kwa hiyo mwenye pumu asibebe mashine, asichanganye, asiokote korosho chini ya mti uliopulizwa asubuhi hiyo. Jirani mwenye shamba ukutani kwenu aombwe kutoa taarifa siku moja kabla, ili mgonjwa akalale kwa shangazi. Nguo za aliyepuliza zivuliwe nje na zifuliwe peke yake.

Kupura na kupepeta vinafanana na hayo: mwenye pumu akae upande upepo unakotoka au apewe kazi nyingine. Kuku na mbuzi wasilale naye chumba kimoja.

Halafu kuna adui ambaye hakuna anayemtilia shaka, vidonge vya watu wengine. Diclofenac, aspirini na ibuprofen huwabana vibaya baadhi ya wenye pumu. Kwa maumivu ya mgongo anza na panadol. Propranolol na atenolol, dawa za presha na moyo, zinaweza kufunga mirija ya hewa. Hata matone ya timolol, ya presha ya macho, yanapenya jichoni mpaka kifuani. Babu mmoja alikuja kwangu akibanwa kwa wiki mbili mfululizo. Pumu yake ilikuwa imelala miaka mingi. Tulipekua kila kitu, mwisho mkewe akatoa kichupa cha matone mfukoni mwa kanga. Dawa kama hiyo usiiache kimyakimya; rudi kwa aliyekuandikia, umwambie una pumu, abadilishe.

Nyungu nisiisahau. Kujifukiza wakati umebanwa kunaweza kukuzidishia, kunachoma ngozi za watoto, na zaidi ya yote kunakula saa moja uliyokuwa ukiihitaji barabarani.

Hatua ya 5: Ikague njia kabla ya usiku

Chagua siku isiyo na shida, nenda zahanati yenu na umuulize mganga mfawidhi maswali haya bila woga. Usiku nani anakuwepo, na namba yake ya simu ni ipi? Salbutamol ya pampu ipo mwezi huu? Prednisolone ipo? Oksijeni ipo, na umeme ukikatika? Mara nyingi jibu la oksijeni ni hapana. Si dhambi ya muuguzi wa pale, lakini ujue mapema, kwa sababu mgonjwa mahututi huenda akahitaji kupelekwa moja kwa moja kituo cha afya au hospitali yenye oksijeni. Pima umbali huo kwa muda, si kwa kilomita. Kilomita kumi na nane za kiangazi ni dakika arobaini. Za masika, kwenye ule mteremko wa udongo mwekundu, ni saa mbili na pikipiki kuanguka mara moja.

Tafuta bodaboda wawili, siyo mmoja. Mmoja atakuwa mnadani, au amelewa, au simu imezima chaji. Wekeaneni bei ya usiku kabla. Kikundi chenu cha VICOBA kikubali kutoa fedha ya dharura kwanza na maswali baadaye. Kwa mjamzito, aliyejifungua na kichanga kuna namba ya bure ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura, 115, iandikwe mlangoni.

Swali la mwisho ni la ndani ya nyumba, nalo limeua zaidi ya salfa: usiku baba hayupo, nani anaamua mgonjwa aondoke? Nimepokea mama aliyesubiri mpaka saa kumi na moja alfajiri ili shemeji arudi. Kaeni baba akiwepo, aseme mbele ya wote kwamba yeyote aliye macho ana ruhusa, hata kama ni mtoto wa darasa la sita.

Mwombe daktari aandike mpango wa mgonjwa kwenye ukurasa mmoja wa daftari, kwa Kiswahili: dawa za kila siku, za kuongeza akibanwa, na dalili za kuondoka. Kwa aliyewahi kulazwa, uliza kama anaweza kukaa na prednisolone nyumbani. Mtu mzima huandikiwa kwa kawaida miligramu 40 hadi 50 mara moja kwa siku, siku tano hadi saba. Ya mtoto hupimwa kwa uzito. Vidonge vikiwa vya miligramu 5, ina maana vinane au zaidi kwa mkupuo mmoja, na watu wanaogopa, wanameza kimoja kimoja kutwa mara tatu. Hicho hakitoshi. Na dawa hii inachukua saa kadhaa kufanya kazi, ndiyo maana mwenye kuiandikiwa aimeze mapema, kama mpango wake unavyosema.

Hatua ya 6: Usiku wenyewe

Mkalishe wima, ameinama kidogo mbele, viwiko magotini au kwenye meza. Usimlaze. Fungua dirisha, toa watu, toa kibatari kinachofuka. Sema naye kwa upole.

Tumia chupa: mivuto minne ya pampu ya bluu, mmoja mmoja, pumzi nne kila mmoja. Subiri dakika nne. Hajapata nafuu, rudia minne. Bado? Ondokeni, na njiani aendelee. Kama dalili za hatari zipo tangu mwanzo, usisubiri dakika yoyote. Piga simu ya bodaboda huku mwingine anampa dawa, hata mivuto kumi. Katika saa ya kwanza hospitali nayo hutoa mivuto minne hadi kumi kila dakika ishirini, kwa hiyo usiogope kwamba umemzidishia. Kutetemeka na moyo kwenda mbio kutapita.

Dalili hizo ni hizi. Mwambie ataje jina lake, la baba yake na la kijiji kwa pumzi moja. Akikata kila neno, ni kali. Hesabu pumzi kwa dakika nzima kwa saa ya simu. Mtu mzima akizidi 30, ni kali. Shingo na mbavu zinavutwa ndani. Mtoto hawezi kunyonya wala kulia. Midomo, ulimi na kucha vinaelekea rangi ya bluu au kijivu. Kwa ngozi yetu usitazame uso, mfunue mdomo wa ndani. Anachanganyikiwa, anasinzia.

Na mluzi. Mluzi ni hewa inayopita mahali pembamba. Ukinyamaza huku mtu anaongea vizuri, anakunywa chai, amerudi rangi yake, amepona. Ukinyamaza huku bado anahangaika, au amelegea na hajibu, maana yake hewa haipiti tena ya kutosha hata kutoa sauti. Hapo zimebaki dakika. Ndiyo wakati ambao mdogo wa marehemu alidhani kaka yake amelala.

Usimpe diazepam au dawa yoyote ya kumtuliza apate usingizi. Inazima juhudi ya kupumua iliyobaki. Usimlazimishe kula wala kunywa.

Kwenye pikipiki akae katikati, mtu mzima nyuma amkumbatie akiwa wima, chupa na pampu mkononi, si kwenye begi. Simameni kila baada ya muda apate mivuto. Kanga nyepesi mbele ya pua kwa ajili ya vumbi inatosha, msimfunike uso. Mwingine atangulie kupiga simu zahanati waamke, wawashe taa.

Katika ile taarifa ya Uingereza, 87 kati ya 195 walikufa bila kuomba msaada au kabla msaada haujawafikia, katika nchi yenye ambulensi na lami. Kwa hiyo ukijiuliza kama ni mapema mno kuondoka, jibu ni kwamba si mapema. Nimewahi kuamshwa usingizini kwa ajili ya mgonjwa aliyepata nafuu njiani akafika akicheka kwa aibu. Nilimpongeza.

Hatua ya 7: Wiki zinazofuata

Akipata nafuu na kuruhusiwa, familia inarudi kuvuna. Hizi ndizo wiki za kumwangalia kuliko zote, kwa sababu uvimbe haujaisha na shambulio la pili linakuja kwenye mirija iliyochoka. Amalize prednisolone yote aliyopewa. Arudi kuonwa ndani ya wiki moja, hata kama anajiona mzima. Asilale kibandani mwezi huo.

Siku hiyo ya kuruhusiwa usitoke getini na pampu ya bluu peke yake. Sema hivi dirishani: "Naomba na ile ya kuzuia." Wakikuambia imekwisha, uliza inapatikana wapi na lini, na umwombe daktari akuandikie cheti cha kununulia. Ukishaipata, mwambie bodaboda asubiri kidogo, toa kalamu, uandike tarehe kwenye boksi.